Fomu ya mkataba wa ajira ya steshenari: tathmini ya mwokaji aliyeisaini, kisha akainunua

Mwezi uliopita niliajiri mpambaji wa keki katika bekari yangu ndogo iliyopo Nkuhungu, jijini Dodoma, na kama wafanyavyo waajiri wadogo wengi wa hapa, nilikwenda steshenari moja jirani na soko la Majengo nikanunua fomu ya mkataba wa ajira iliyokwisha kuchapwa. Ina kurasa 5 na vifungu 14, imeandikwa kwa Kiswahili, na imeacha nafasi za kujaza majina, kazi, mshahara na tarehe. Nakala mbili zilinigharimu shilingi 4,000. Anayetaka kuwekewa kwenye flashi ili airekebishe mwenyewe hulipa 10,000. Fomu hiyo si ngeni kwangu. Mwaka 2018 nilisaini ndugu yake, karibu neno kwa neno, nikiwa upande wa pili wa meza, siku ya kwanza niliyoripoti kazini kwenye bekari ya mtu mwingine ambaye sitamtaja. Kwa hiyo naitathmini bidhaa niliyoijua kwanza kama mwajiriwa na sasa kama mwajiri, na sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu kifungu kimoja tu, cha 11, kwa sababu ndicho kilichoushika mshahara wangu usipande.

Nianze na yanayostahili sifa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi kuhusu kazi yake, na fomu hii inayagusa yale ya msingi: aina ya kazi, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa. Saa za kawaida zimewekwa 45 kwa juma, likizo ya mwaka siku 28, likizo ya uzazi siku 84, na notisi siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, yote sawasawa na sheria. Kwa fundi cherehani au mwenye mgahawa ambaye bila fomu hii angeajiri kwa maneno matupu, shilingi 4,000 ni fedha iliyotumika vizuri, kwa kuwa mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri akawa hana karatasi ya kuonyesha, ni yeye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana.

Kasoro ndogo ipo kwenye kazi ya usiku. Sheria inatoa nyongeza ya asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa inayofanywa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, lakini fomu haisemi lolote. Sisi waokaji huwasha oveni saa 9 usiku ili skonzi na mikate viwe dukani kabla watu wa Mji wa Serikali hawajapanda mabasi kwenda Mtumba, kwa hiyo ukimya huo si jambo dogo kwetu. Niliandika nyongeza hiyo kwa mkono kwenye nafasi ya ujira, na yaliyobaki nikayaacha yalivyo.

Sasa kifungu cha 11. Kimeandikwa hivi: mwajiriwa hataruhusiwa, kwa muda wa miaka 2 tangu kukoma kwa ajira yake kwa sababu yoyote ile, kufanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa mwajiri mwingine, wala kuanzisha biashara inayofanana na ya mwajiri, ndani ya Mkoa wa Dodoma. Kipo ukurasa wa 4, kati ya utunzaji wa vifaa na utaratibu wa malalamiko, mahali ambapo macho ya anayesaini yamekwisha choka. Anayekisoma kwa haraka hudhani kinamzuia kwenda kwenye bekari ya mtaa wa pili. Kinamzuia kwenda Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Chemba, Bahi na Chamwino pia; akitaka kukanda unga kwa mshahara bila kukivunja, itabidi ahamie Manyoni upande wa Singida au Gairo upande wa Morogoro, na kwa mtu mwenye watoto shuleni na chumba alichokwisha kukilipia kodi ya miezi sita, hiyo ni sawa na kuambiwa aache fani. Tena maneno "kwa sababu yoyote ile" yanamfunga hata aliyepunguzwa kazi na mwajiri mwenyewe.

Nilipokisaini nilikuwa nalipwa shilingi 180,000 kwa mwezi, na kazi yangu ilikuwa kupima unga na kupaka siagi kwenye trei. Baada ya miaka miwili nilikuwa natengeneza peke yangu keki za harusi za ngazi tano, za sendofu na za kipaimara, na wateja walikuwa wakipiga simu dukani kuuliza kama yule dada wa maua ya sukari yupo zamu. Mji ulikuwa unakua mbele ya macho yetu tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma: watumishi walikuja na familia zao, kumbi za sherehe zikaongezeka, na bekari mpya zikafunguliwa Kisasa, Ilazo na Nzuguni. Kwa kanuni ya kawaida ya soko, kazi ikiwa nyingi na mafundi wakiwa wachache, ujira wa fundi hupanda. Bekari moja mpya iliniita ikasema ingenilipa 300,000.

Nilikwenda kwa mwajiri wangu kwa heshima, kama mtu anavyokwenda kwa mama yake, nikamweleza kuwa nimeitwa mahali lakini ningependa kubaki kama ataniongeza. Hakukasirika. Alifungua droo, akatoa karatasi zangu, akaweka kidole kwenye ukurasa wa 4 na kusema, "Mwanangu, ukitoka hapa utaokea wapi?" Aliniongeza shilingi 10,000. Wale wa bekari mpya waliposikia habari za mkataba, waliniambia kwa upole kwamba hawataki kesi. Nikabaki miezi 18 zaidi nikipokea 190,000 badala ya 300,000, na tofauti hiyo ukiijumlisha inafika shilingi 1,980,000. Nilipochoka na kuondoka, nikauza vifaa vya ujenzi Chang'ombe kwa miaka miwili kamili, nikihesabu siku, huku mikono iliyofunzwa kukunja petali za sukari ikihesabu misumari na mabati.

Naomba msomaji atazame vizuri mahali mshahara ulipozuiwa. Hapakuwa na hakimu, hapakuwa na barua ya wakili, wala hapakuwa na shauri lililofunguliwa popote. Kifungu kilifanya kazi yake yote ndani ya dakika tano za mazungumzo, kwa kuniondolea kitu pekee ambacho mfanyakazi asiye na chama wala cheo huwa nacho mezani, yaani uwezo wa kusema "nitaondoka" na kuaminika. Mwajiri haongezi mshahara kwa sababu ya huruma, nami naliandika hili nikiwa mwajiri. Anaongeza kwa sababu anaona fundi wake anaweza kesho kuvaa aproni ya jirani. Anayejua kuwa jirani haruhusiwi kumpokea hana haja ya kuongeza. Na hasara haiishii kwa aliyesaini: mwenye bekari mpya akishajua kuwa kila fundi mzoefu mjini amefungwa, huacha kutangaza mshahara mzuri, akaajiri wasiojua kazi kwa mshahara wa chini, na hapo hata yule ambaye hajawahi kuuona ukurasa wa 4 analipwa kidogo kwa sababu ya karatasi za wenzake.

Jambo hili limepimwa zaidi Marekani, ambako makubaliano ya namna hii yameenea kupita kiasi. Utafiti wa mwaka 2014 uliowahoji watu zaidi ya 11,000 ulionyesha kuwa karibu mfanyakazi 1 kati ya 5 alikuwa amefungwa, na wengi wao hawakuwa mameneja wala wavumbuzi wa mitambo. Mnyororo mmoja wa maduka ya sandwichi, Jimmy John's, uliwahi kuwasainisha hadi wapaka mayonezi, mpaka ulipokubali mwaka 2016 kuachana na sharti hilo baada ya kubanwa na wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na Illinois. Jimbo la Oregon lilipopiga marufuku mwaka 2008 kuwafunga wafanyakazi wanaolipwa kwa saa, watafiti Michael Lipsitz na Evan Starr waliwafuatilia na kukuta mishahara ya kundi zima imepanda kwa asilimia 2 hadi 3. Na kwa kuwa si wote waliokuwa wamesaini, walikadiria kuwa kwa wale waliokuwa wamefungwa hasa, ongezeko linaweza kuwa asilimia 14 hadi 21. Hawaii ilipowafungulia mafundi wa teknolojia mwaka 2015, walianza kuhama kazi kwa wingi zaidi na mishahara ya wanaoajiriwa upya ikapanda kwa takribani asilimia 4. California imeyahesabu makubaliano haya kuwa batili tangu mwaka 1872, na hakuna anayeweza kusema kuwa kampuni zake zimekufa kwa kukosa kuwafunga watu.

Ni haki nieleze na upande wa pili wa utafiti, kwa sababu unahusu moja kwa moja namna fomu hii inavyouzwa na kutumiwa. Waliohojiwa Marekani ambao waliambiwa habari za sharti kabla ya kukubali kazi walikuwa na mishahara mizuri na mafunzo mengi kuliko wasiofungwa, maana walipata nafasi ya kudai bei ya uhuru wao; walioonyeshwa baada ya kukubali hawakupata faida hiyo. Mimi nilionyeshwa siku ya kuripoti, nikiwa nimekwisha vaa aproni. Wafanyakazi niliowauliza katika mabekari, saluni na maduka ya kutengeneza simu hapa mjini walinisimulia hivyo hivyo: mkataba huletwa siku ya kwanza au wiki ya pili, na mtu huambiwa asaini haraka kuna kazi. Kifungu kisichozungumzwa kabla ya mshahara kukubaliwa hakiwezi kuwa kimelipiwa ndani ya mshahara huo.

Jitihada za kuyafuta makubaliano haya Marekani nzima hazikufika mbali. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipitisha kanuni ya kuyapiga marufuku Aprili 2024, ikikadiria kuwa wafanyakazi wapatao milioni 30 walikuwa wamefungwa na kwamba mfanyakazi wa kawaida angeongeza wastani wa dola 524 kwa mwaka. Mahakama moja ya Texas ikaitengua Agosti mwaka huo huo kabla haijaanza kutumika, na Septemba 2025 tume yenyewe ikaacha kukata rufaa. Wajerumani walichukua njia ambayo mimi naiona ya haki kuliko zote: sheria yao inamruhusu mwajiri kumfunga aliyeondoka kwa muda usiozidi miaka 2, lakini kwa muda wote huo amlipe angalau nusu ya mapato yake ya mwisho. Kama mwajiri wangu wa zamani angetakiwa kunilipa shilingi 95,000 kila mwezi nilipokuwa nauza mabati, nina hakika angekifuta kifungu siku ile ile.

Kwa upande wa sheria ya hapa, nililipa ada ya ushauri kwa wakili mmoja wa kujitegemea kabla ya kuamua la kufanya na fomu niliyoinunua. Alinieleza kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini haikuweka kifungu mahususi cha kuruhusu wala kukataza sharti la kutoshindana, na kwamba mjadala wake huegemea kanuni tulizozirithi kutoka Uingereza, kwa kuwa sheria yetu inapokea kanuni za mahakama za kule zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920. Nilifurahi kusikia kuwa shauri mojawapo kongwe la aina hii lilimhusu mwokaji kama mimi. Mwaka 1711, Reynolds alikuwa ameahidi kutooka mikate kwa miaka 5 katika parokia ya St Andrew's Holborn, London, kwa dhamana ya paundi 50, na mahakama ikaikubali ahadi hiyo. Lakini Reynolds hakuwa mwajiriwa. Alikuwa amemwachia Mitchel, yule aliyemshtaki, nyumba ya kuokea pamoja na biashara yake, akapata haki yake, na ahadi yake ilikuwa ya parokia moja, ambayo mtu hutembea kwa miguu akaimaliza asubuhi moja.

Shauri linalomgusa mwajiriwa ni la mwaka 1916, la kampuni ya Herbert Morris dhidi ya mhandisi wake wa zamani, Saxelby, ambaye alitakiwa asifanye kazi ya fani yake kwa miaka 7 popote Uingereza. Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, lilikataa, likatenganisha mambo mawili ambayo fomu ya steshenari imeyachanganya: siri za biashara na uhusiano wa mwajiri na wateja wake, ambavyo mwajiri anaweza kuvilinda kwa kiasi, na ujuzi ulioingia mikononi na kichwani mwa mfanyakazi, ambao ni mali ya mfanyakazi. Katiba yetu nayo inasema katika ibara ya 22 kwamba kila mtu anayo haki ya kufanya kazi, na ibara ya 23 inazungumzia ujira unaolingana na kazi. Wakili alikuwa na shaka kubwa kama miaka 2 kwa mkoa mzima, kwa mpakaji siagi anayelipwa shilingi 180,000, ingesimama mbele ya mwamuzi yeyote. Nilipomwuliza basi kwa nini inaendelea kuchapwa, alinijibu, "Kwa sababu hakuna anayeifikisha huko." Hapo ndipo nilipoielewa nguvu halisi ya kifungu hiki: hakihitaji kuwa halali, kinahitaji kuaminiwa tu.

Nakubali kuwa hofu ya mwajiri si ya kubuni. Mwaka jana nilimfundisha kijana kwa miezi mitano kutumia mizani, kusoma joto la oveni na kupika aising isiyoyeyuka kwenye jua la Oktoba la hapa Dodoma, nikaharibikiwa na kilo nyingi za sukari wakati akijifunza, kisha akaondoka kwenda kujiajiri. Iliniuma. Lakini nilipokaa na daftari langu la oda niliona kuwa alichoondoka nacho ni ujuzi, na ujuzi huo nilikuwa nimekwisha ulipwa kwa miezi ya mwisho aliyofanya kazi nzuri kwa mshahara wa mwanafunzi. Ambacho sikutaka aondoke nacho ni daftari lenye namba za simu za wateja na vipimo vya keki yangu ya zabibu, ambavyo vinalindika kwa maneno mengine kabisa.

Kwa hiyo niliikata fomu. Nilipiga mstari juu ya kifungu cha 11 chote, na pembeni nikaandika kwa mkono kwamba mwajiriwa hatatoa wala kunakili vipimo vya mapishi na orodha ya wateja, hatapokea oda zake binafsi kutoka kwa wateja wa bekari akiwa bado kazini, na akitaka kuondoka atatoa notisi ya siku 28. Baada ya hapo yuko huru kuoka popote, hata nyumba ya pili. Binti niliyemwajiri alisoma, akaniuliza, "Dada, na hiki ulichokikata kilikuwa kinasemaje?" Nikamsomea. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kuwa alikuwa amesaini kama hicho kwenye saluni alikofanya kazi kwanza, ndiyo maana alihamia kwenye keki. Alikuwa msusi. Mkoa huu umempoteza msusi mwenye uzoefu wa miaka minne, na saluni zilizokuwa zikimhitaji hazikupata hata nafasi ya kumpangia bei.

Wiki mbili baadaye alikuja kuniambia kuwa duka moja la Area C limemwahidi zaidi ya ninachomlipa. Sikuwa na karatasi ya kumwekea kidole. Nilikaa na hesabu zangu usiku, nikaona keki zake zinanirudishia vya kutosha, nikamwongeza shilingi 45,000 naye akabaki. Naandika hili bila kujisifu, maana kama kifungu kingekuwepo huenda nisingefungua daftari la hesabu kabisa.

Kuhusu bidhaa yenyewe, nilirudi steshenari nikamweleza muuzaji, kijana mstaarabu aliyenisikiliza hadi mwisho. Alisema hakuitunga yeye, aliipata kwenye kompyuta ya ofisi aliyoinunua pamoja na mafaili yake, na kwamba waajiri wengi huuliza kwanza kama "kile cha kuzuia" kimo. Nilimwomba achape aina mbili, yenye kifungu na isiyo nacho, na kwenye ile yenye kifungu akitoe ukurasa wa 4 akiweke wa 1, chini ya mshahara, ili anayesaini avione vyote viwili kwa pamoja. Alikubali hilo la aina mbili. La kuhamisha kifungu alisema atalifikiria.

Kwa atakayeinunua kama ilivyo sasa: chukua ya kwenye flashi ya shilingi 10,000 ili uweze kuirekebisha bila kuchafua karatasi, ongeza nyongeza ya kazi ya usiku kama biashara yako inaanza kabla ya jua, na uwape wanaoomba kazi waende nayo nyumbani walau siku mbili kabla hamjaongea mshahara. Ukinunua ya karatasi na ukakata kifungu, kateni kwenye nakala zote mbili, kisha mwajiri na mwajiriwa wote waweke saini pembeni ya mstari, la sivyo baadaye mmoja ataweza kudai kuwa mstari ule ulipigwa na mwenzake peke yake.